Donge la Utomvu

Laniana alikitoa chungu alichokifinyanga motoni kwa fimbo mbili, na wanawake wa kijiji wakanyamaza wote, jambo ambalo hata mchungaji wa kanisa hajawahi kuliweza.

Tangu asubuhi walikuwa wakimchambua. Kaacha kazi ya hoteli pwani, eti aishi kwa kufinyanga! Shangazi yake, fundi wao wa vyungu, ndiye aliyezidi: "Kikipasuka, Jumatatu unarudi kutandika vitanda vya wageni. Umesikia, bibi hoteli?"

Chungu kilikuwa kizima, ila kimeinama upande.

"Kimekunywa kava hadi kikalewa hicho!" mmoja akapayuka, na kicheko kikalipuka.

Shangazi hakucheka. Alikigonga kwa kijiti, akatega sikio. Kililia kwa sauti safi, ndefu, ya chungu kisicho na ufa.

"Utomvu uko wapi?"

Laniana akainamisha kichwa. Utomvu wa mti hupakwa chungu kikiwa bado cha moto, ili king'ae na kisivuje. Kikishapoa, basi tena. Naye hakubeba hata chembe, maana moyoni hakuamini kwamba kingepona.

"Sasa utakipaka nini, mate?"

Shangazi akafungua pindo la kanga yake, akatoa donge lake mwenyewe, la rangi ya asali, akamtia mkononi.

Lilipogusa udongo, lilichuruzika na kufuka moshi mtamu. Palipopita donge, wekundu mkavu uling'aa kama umeloa mvua.

"Zungusha, mwanangu, zungusha, kinapoa! Na Jumatatu uje na lako."