Kijiko cha Mama

Riwaya ya kutisha aliyoiandika yule mtengeneza filamu ilimnogea Mwatumu mpaka maharage yakaungua jikoni. Akafika pale zimwi linapogonga ukuta wa chumba cha nyuma kwa kijiko, mara tatu, na wenye nyumba wanaziba masikio.

Kijiko kile alikijua. Mtengeneza filamu alipokodi nyumba yake kwa kazi, Mwatumu mwenyewe alimsimulia, wakinywa chai, jinsi mama yake aliyepooza alivyokuwa akigonga ukuta akitaka maji.

"Amemfanya mama yangu zimwi!" alifoka.

"Hadithi tu, mama Rukia," mumewe alisema. "Si asubuhi ulikuwa unakisifu hicho kitabu?"

"Asubuhi sikujua ni mama! Alikuwa na kiu, basi. Kiu!"

"Haya, lete nikakichome."

"Ukiguse uone!"

Alifungua kabati, akatoa kijiko chenyewe, akaketi nacho mkononi na kufungua pale alipoishia. Zilibaki kurasa arobaini. Alitaka kuona kama katika nyumba nzima ile atatokea mtu wa kulipelekea zimwi maji.