Ile Yenye Keria

"Hii ndiyo yako," Kombo alimwambia mkewe, Tausi, akipigapiga keria ya baiskeli nyeusi pale dukani. "Inabeba hata gunia la mkaa."

Tausi alikuwa bado ameishika ile nyembamba, isiyo na keria. Mwezi ujao angeshindana kwa mara ya kwanza: kuogelea, kuendesha baiskeli, kukimbia.

"Gunia haliendi mashindanoni, Baba Nasra."

"Mashindano ni siku moja. Mkaa ni kila siku."

Muuzaji akaitia stendi ile nyeusi, gurudumu la nyuma likaning'inia, akamwomba Tausi apande apimiwe urefu wa kiti.

Akapanda. Akakanyaga pedali polepole, kisha kwa nguvu, macho mlangoni, mpaka jasho likamtiririka.

"Kiti kiko sawa, shemeji," alisema muuzaji. "Shuka sasa."

Tausi hakushuka. Gurudumu lilivuma hewani, na mlango ukabaki palepale.