Tiketi za Onyesho la Mwisho

“Nipe zote,” alisema fundi cherehani.

Mkata tiketi aliinua kichwa kutoka kwenye kikombe chake cha chai. “Zote kivipi, mama?”

“Zote ulizonazo za leo.”

Alikuwa amesafiri usiku kucha, na tangu saa mbili asubuhi alikuwa akilizunguka lile jengo la maigizo kama kuku anayetafuta pa kutagia, roho juu, akiogopa mtu mwingine asije akamtangulia. Dirisha lilitakiwa kufunguliwa saa nne. Lilifunguliwa saa nne na nusu, na ile nusu saa ilimtoa jasho kuliko safari nzima.

Ukutani kulibandikwa bango, na kwenye bango kulikuwa na sura ya binti yake, kubwa kama mlango. Fundi alijivuna hata akakosa pa kuweka macho. Huyu ndiye mwanawe wa pekee, aliyekuwa akimsaidia kushona sare za shule. Tangu aondoke, nyumba ilikuwa kimya mno. Mama mtu alimkumbuka mpaka siku nyingine alijikuta anaongea na cherehani.

Ubishi wao haukuwa mdogo. Siku ya kuondoka, binti alisimama mlangoni na begi lake. “Mama, nipe mwaka mmoja tu,” alisema. “Onyesho la mwisho la mwaka ukumbi ukijaa, uniache na maigizo yangu, tusisumbuane tena. Usipojaa, nafunga mizigo narudi mwenyewe, na hutanisikia nikilitaja jambo hili tena.” Kwa ahadi, mtoto yule alikuwa mama yake mtupu. Akisema, amesema. Na onyesho lenyewe la mwisho lilikuwa leo, saa moja jioni.

Mkata tiketi alilamba kidole akaanza kuhesabu. “Viti viko themanini. Zimeshauzwa thelathini na mbili. Hapa ninazo thelathini na nane, na kumi nyingine ziko duka la vitabu, kule nyuma ya posta. Kweli una watu wote hao?”

“Mtaa mzima. Tumekodi basi.”

“Huyu dada wa kwenye bango mnafahamiana naye?”

“Nimemzaa.”

Mkata tiketi nusura atokee dirishani kwa furaha. “Mama! Ngoja nimwite, yuko humo ndani kwenye mazoezi!”

“Thubutu! Asijue kabisa kama nimefika.”

“Ah, nimekuelewa. Unataka kumshtukiza.”

“Ataona mwenyewe jioni.”

“Afadhali, mama yangu. Wiki nzima hii anachungulia pazia anahesabu viti vitupu. Juzi alilia, tukambembeleza mpaka tukachoka.”

Fundi alifungua mkoba. Alilipa, akalitia lile bunda la tiketi mkobani, akaondoka bila kuaga vizuri.

Njia ya kwenda duka la vitabu aliikata mguu mosi mguu pili, akigongana na watu na kuomba radhi huku ameshapita. Kufika, akamkuta mwalimu ameegemea kaunta, vumbi la chaki bado limemganda mkononi.

“Nipe hizo kumi zilizobaki,” mwalimu alikuwa akimwambia mwenye duka. “Nataka kuwaleta wanafunzi wangu.”

Fundi hakungoja amalize. Akajipenyeza mbele. “Samahani sana, hizo zina mwenyewe. Nimetoka ukumbini sasa hivi. Nimechukua zilizokuwa kule, na hizi ndizo za kumalizia wageni wangu.” Akafungua mkoba, akaonyesha bunda.

Mwenye duka akamtazama huyu, akamtazama yule, hajui afanye nini.

“Mimi ndiye mama wa yule binti anayeigiza,” alisema fundi, na maneno yakaishia hapo. Nani atabishana na mama mzazi?

Mwalimu alirudisha pochi mfukoni. “Hongera sana, mama. Basi niachie hata nne. Ninao wanne ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa maigizo.”

Fundi alimpenda yule mwalimu papo hapo, na aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Siku nyingine angempa tiketi na nauli juu. “Hata moja, mwalimu wangu. Unisamehe.”

Mchana kutwa hakutulia. Aliagiza chakula akakiacha. Alikaa kwenye benchi, akasimama, akakaa tena. Mara mbili alijikuta amerudi mpaka kwenye kona ya ukumbi, na mara zote mbili akageuka mbiombio asije akaonwa. Alitamani kuingia amkumbatie tu mtoto, yaishe.

Saa tisa simu iliita. Alikuwa mdogo wake, wa nyumbani.

“Dada, umezipata?”

“Zote arobaini na nane.”

“Na una hakika na jambo lenyewe?”

“Kwa mwanangu nishindwe na tiketi?”

“Haya, dada,” alisema mdogo wake, akakata simu.

Saa kumi na mbili na nusu, mkata tiketi alipokuwa akifungua milango ya ukumbi na kuchungulia barabarani kutafuta basi la kukodi, fundi alikuwa ameshaziacha nyumba za mwisho za jiji, dirishani, kwenye basi la kurudi kwao. Mkoba ulikuwa mapajani, na tiketi zote arobaini na nane zilikuwa ndani yake. Akampigia mdogo wake.

“Mtandikie kitanda chake,” alisema. “Kesho anarudi nyumbani.”