Nafasi ya Mmoja

Teke la tatu ndilo lililoufungua mlango wa bweni. Kijana alikuwa amelala chali, viatu miguuni, shati limelowa kinywaji na kukaukia mwilini. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa na muhuri wa wino mwekundu, ule wanaokugonga mlangoni ukiingia kwenye kumbi za muziki. Saa nne asubuhi hiyo, wenzake wako darasani.

"Amka, bwana harusi."

Kijana alifumbua jicho moja. "Baba? Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja msibani. Nasikia masomo yako yamekufa, nimekuja kuzika."

Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa bado na ovaroli yake ya kazi, imetobolewatobolewa na cheche. Jana alikuwa anachomelea geti la watu, jirani akamletea video kwenye simu: hebu tazama, huyu si wako? Alikuwa wake. Amesimama juu ya meza, anakata kiuno, ndoo ya barafu ameivaa kichwani kama kofia. Fundi alizima mashine yake akakaa chini. Muhula wa kwanza tu huu. Hata daftari halijachakaa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemchagua. Walifaulu wote wawili, huyu na dada yake pacha, na uwezo wa fundi ulikuwa wa kumsomesha mmoja. Akampeleka wa kiume. Wa kike ataolewa, alisema, na akiyasema hayo hakumtazama usoni. Binti hakubisha. Aliomba tu akajifunze cherehani kwenye duka lililo mtaa huu wa chuo, awe karibu na kaka yake.

Asubuhi hii fundi alipita hapo dukani, amchukue binti waje wamkabili huyu pamoja. Mwenye duka akamwambia asubuhi huwa hayupo, huja mchana. Fundi hakuuliza zaidi, kichwa kilikuwa kinamfuka moshi. Tena binti huyo huyo jana alimchosha kwenye simu: baba usije kesho, kesho wana mtihani, njoo Ijumaa wakishamaliza. Huruma za kijinga, fundi aliwaza. Anamlilia mtu asiyejililia.

"Leo mna mtihani?" aliuliza sasa.

"Ndiyo. Wa saa tatu."

"Na sasa hivi saa ngapi?"

"Saa nne." Kijana alipiga miayo. "Lakini usijali, baba. Maksi zangu ziko sawa."

Uso mkavu kama gogo. Fundi alimkamata ukosi akamburuta korido nzima, wanafunzi wanapisha na kuchekea viganjani, mpaka ofisi ya usajili. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinua kichwa.

"Nipe fomu ya kumtoa mtu chuoni," fundi alisema. "Huyu hapa. Leo hii."

Hapo ndipo usingizi ulipomtoka kijana. Alimshika baba yake mkono.

"Baba, nisikilize. Mimi nitoe. Twende nyumbani nikakushikie vyuma, nikapige msasa mpaka vidole vichubuke, sitalalamika. Ila jina langu liache hapa."

"Liache lifanye nini? Lisome lenyewe?"

"Basi subiri mpaka saa sita. Saa sita tu, baba, nakuomba."

"Miezi mitatu ulikuwa wapi kuniomba? Sasa umeona fomu ndiyo unajua kuna chuo?" Fundi alivuta kalamu. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Alisaini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Karani aliisoma polepole, kisha akamtazama juu ya miwani.

"Mzee, nikigonga muhuri, jina limefutwa. Alichosoma muhula huu hakihesabiki, na nafasi inakwenda kwa anayeisubiri. Wiki haipiti bila mzazi kurudi hapa kulia, na hakuna ninachoweza kumsaidia."

"Mimi silii. Gonga."

Aligonga. Fundi alichukua nakala yake akaikunja mara mbili. Moyo ulimtulia kidogo, kama mtu aliyeng'oa jino.

Karani alifungua jalada kuiweka ile fomu, akasita. Alifunua ukurasa mmoja, akafunua wa pili, akarudi wa kwanza.

"Mzee, huyu ndiye anayeongoza mwaka wa kwanza wote."

"Mama, usinitanie. Mtazame vizuri. Mtu huyu anaweza kuongoza nini?"

Karani alimtazama kijana, shati lake, muhuri wake wa wino. Akavuta daftari la mahudhurio.

"Hajakosa kipindi hata kimoja. Hata leo amesaini, saa tatu kasorobo." Alinyoosha kidole ng'ambo ya korido. "Kwa kitabu changu, saa hizi yumo mle ndani anafanya mtihani."

Fundi aligeuka kumuuliza mwanawe. Kijana alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, analia bila sauti.

"Nilikuambia uliache," alisema.

Fundi alivuka korido, karatasi bado mkononi, akasogeza uso kwenye kioo cha mlango wa ukumbi. Vichwa vimeinama, safu kwa safu. Kwenye safu ya mbele, ndani ya shati la kaka yake lililompwaya mabegani, nywele amezinyoa zote, binti yake aliinua mkono kumwita msimamizi. Alikuwa anaomba karatasi ya ziada.