Maoni ya Wananchi Kuhusu Tawi Letu

"Andika tena," alisema Mama Stempu, mkuu wa tawi la posta, akamrudishia fundi cherehani karatasi yake.

Fundi akashangaa. "Kwani nimekosea nini? Mmesema tutoe maoni. Hayo ndiyo maoni yangu."

Miguu, mpeleka barua, alichungulia begani kwa fundi akasoma: *Posta ife tu. Kadi ya harusi ya dada yangu ilinifikia dada akiwa na mtoto wa pili.* Akauma midomo asicheke. Kadi ile aliipeleka yeye mwenyewe, siku ileile ilipoingia tawini. Ilikokuwa imelala kabla ya hapo, Mungu ndiye ajuaye.

"Kamati ikisoma hiyo tumekwisha," Mama Stempu akasema. "Andika tena."

Kamati ilikuwa imeundwa na wizara. Posta inakula hasara, walisema, na tawi hili je, libaki au lifungwe? Wananchi waandike, na maoni yao yafike makao makuu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Swali lilikuwa moja tu: mnaiamini posta yenu?

Likifungwa, Mama Stempu angehamishiwa tawi jingine. Miguu hakuwa na pa kuhamia. Miaka ishirini na tisa ametembea na mkoba begani, goti moja limeshagoma, na ulibaki mwaka mmoja tu astaafu kwa heshima. Nani angemwajiri sasa? Kwa goti lipi?

Basi kwa wiki mbili alipita nyumba kwa nyumba, mkono huu unatoa barua, mkono huu unaomba maoni. Watu wakampa vidonge vyake. Muuza dawa alisema posta ni mgonjwa asiyekufa wala kupona, na wanaomlisha uji ni walipa kodi. Mwalimu mstaafu alimwangalia juu mpaka chini. "Unaniletea bili, halafu unataka nikusifu? Wewe Miguu una vituko!"

Mjane wa nyumba ya kona hakupiga kelele. Alisema, "Barua ya hospitali, ya kumwita mume wangu akapasuliwe, ilinifikia tumeshamzika."

Miguu alisimama mlangoni. Aliomba radhi kwa kosa lisilo lake, akageuka aondoke. Mjane akamwita.

"Lete hiyo karatasi, baba. Nakuandikia wewe. Si hao."

Na ndivyo ilivyokuwa kote. Hakuna aliyeipenda posta, walimpenda Miguu. Hata fundi aliguna, akakuna kichwa, mwishowe akaandika: *Naiamini posta yetu.* "Mungu anisamehe," akasema, akatia sahihi.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na Mama Stempu aliivuta hasa. Barua ya kukaa juu ya zote aliiandika mwenyewe, akamsomea Miguu kwa sauti: "Mimi ni mtumishi wa posta, lakini pia ni mteja wake. Kwa miaka ishirini sijapata kutuma kitu changu kwa njia nyingine, wala haijaniangusha." Miguu akaomba asomewe tena. Ilimjia kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuisemea kazi yao neno zuri, na sasa limesemwa, tena kwa maandishi.

Jumanne walifunga barua zote, mia nne na ushee, katika kifurushi kimoja, wakalisubiri gari la posta. Wakasubiri mpaka saa ya kufunga. Gari halikutokea.

"Litakuja kesho," Miguu akasema.

"Litakuja," Mama Stempu akaitikia, bila kumtazama.

Jumatano Miguu alishinda kwenye mizunguko yake. Aliporudi, goti linawaka moto, kifurushi hakikuwapo mezani.

"Kimeondoka?"

"Kimeondoka."

"Mungu mkubwa!" Akakaa chini, akavua viatu, akacheka peke yake.

Wiki tatu zikapita. Akaja ofisa wa kamati, kijana mwenye adabu zake, ameshika barua ya uamuzi mkononi. Aliwaamkia wote wawili, kisha akasoma: tawi lifungwe mwisho wa mwezi, kwa kuwa imethibitika haliaminiki.

Damu ilimpanda Miguu kichwani. "Imethibitishwa na nani? Sema tu kwamba maoni yetu yalichelewa, mkayatupa!"

"Hayakuchelewa, mzee wangu. Ya tawi hili ndiyo yaliyotangulia kuliko yote. Alhamisi saa mbili asubuhi yalikuwa mezani kwetu."

Miguu akapiga kaunta kwa kiganja, wateja kwenye foleni wakashtuka. "Mmesikia? Yameondoka hapa Jumatano, Alhamisi asubuhi yamefika! Watu mia nne wamesema wanatuamini, na mzigo wao umefika kwa siku moja! Mnataka uaminifu gani tena, wa malaika? Mama Stempu, mwambie!"

Mama Stempu alikuwa ameinama, akipanga upya stempu zilizokwisha kupangwa.

Ofisa hakubishana. Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi ya kaki iliyofungia yale maoni, akaikunjua taratibu juu ya kaunta. Haikuwa na stempu hata moja. Ilikuwa na stika nyekundu ya ofisi ya vifurushi ya kituo cha mabasi, na mbele ya neno "Mtumaji", kwa mwandiko ambao Miguu aliusoma kila siku ya kazi, paliandikwa: *Mkuu wa Tawi, Posta.*