Mvumo wa Amplifaya

Kwa miaka kumi na moja, amplifaya ya valvu aliyoiunda Shekue kwa mikono yake ilikuwa ikivuma. Alasiri ile alibadilisha kapasita moja mbovu ndani yake, mvumo ukakatika. Akaweka kanda ya harusi yake na mkewe. Ngoma zikasikika safi, vigelegele safi, na nyuma ya vigelegele, kwa mara ya kwanza, bibi harusi akinong'ona: "Mama, mimi simtaki huyu."

Akaizima. Mwanga wa valvu ukafifia taratibu.

"Baba Rehani, imepona?" mkewe akauliza kutoka jikoni, akichekecha unga.

"Bado, Mama Rehani. Inavuma kidogo."

Akaiokota sakafuni ile kapasita mbovu, akaipangusa vumbi. Kisha akachomeka chuma cha kulehemu, akangoja kipate moto.