Waya wa Breki ya Nyuma

Jumamosi tarehe 7 Desemba 1963, asubuhi, baiskeli ya Sefu ilitolewa mtaroni kwenye mteremko unaoshuka kutoka Kwale kwenda Matuga. Sefu mwenyewe alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali, pale pale alipokuwa akifanya kazi ya kufunga vidonda.

Miongoni mwa walioitoa alikuwa rafiki yake Kombe, karani wa mahakama ya Kwale, ambaye alikaa Matuga. Wengine waliushangaa usukani uliopinda. Yeye alitazama gurudumu la nyuma tu. Waya wa breki ulikuwa umekatika. Akaisukuma ile ncha ndani ya mpira unaoufunika waya kwa kidole gumba, isionekane.

Baiskeli nyingi za huko zilikuwa na breki za vyuma. Ya Sefu, aliyoinunua kwa Mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akifunga virago kabla ya uhuru, ilikuwa na breki za waya. Na waya wa breki, kila mpiga gitaa wa pwani alilijua hilo, umesokotwa kwa nyuzi nyembamba za chuma. Uzi mmoja ukichomolewa na kusuguliwa kwa mafuta ya taa, hulia kama wa dukani.

Gitaa lilikuwa la Kombe, ila vidole vilikuwa vya Sefu. Kombe alilinunua, akalipangusa unyevu wa bahari, akalegeza nyuzi kila baada ya kupigwa ili shingo isipinde, na akaimba. Aliyelipiga likasikika ni Sefu. Usiku wa uhuru walikuwa wapige uwanjani Kwale, mbele ya wilaya nzima.

Alhamisi, uzi mwembamba kuliko zote ulikatika.

"Nimeulizia Mombasa nzima, hakuna uzi," Kombe alimwambia. "Kila mtu anapiga siku hiyo hiyo."

"Basi utaimba na mimi nitapiga makofi," Sefu akacheka. "Usikonde, karani. Mungu hamtupi mja wake."

Ijumaa, Sefu alipokwenda kuswali, baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukuta wa nyuma wa hospitali. Kombe alikuja na koleo. Alizitazama breki zote mbili. Waya wa mbele ulikuwa umeanza kushika kutu. Wa nyuma ulikuwa mpya. Akauchagua wa nyuma. Alichomoa nyuzi tatu, mmoja wa kufunga na mbili za akiba, kisha akaurudisha waya mahali pake. Alikusudia kumwambia Sefu siku watakayofanya mazoezi, wacheke pamoja. Baiskeli ina breki mbili, alijiambia.

Mkono uliovunjika ulikuwa wa kushoto, ule unaobana nyuzi.

"Vidole hivi viwili havitakunja tena sawasawa," Sefu alisema kitandani, kwa sauti ile ile aliyozoea kuwaambia wagonjwa. "Nimeifunga mikono mingi, najua. Kidonda nitakifunga vipi, sijui. Gitaa ndiyo basi."

Kombe alitaka kusema. Akauliza kama amekula.

Nyumbani alilitwaa gitaa akalitengeneza upya. Alikitoa kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi, akakisugua kwa msasa, akakirudisha, akajaribu, akakitoa tena. Mfupa ukipungua, nyuzi hushuka. Zikishuka mno, hugusa vyuma vya shingoni na kukwaruza. Alikwenda kidogo kidogo, mpaka nyuzi zikakaa chini kiasi kwamba hata kidole kigonjwa kingeweza kuzibana. Uzi mpya aliufunga mwisho. Ulilia vizuri. Angalau hilo lilikuwa kweli.

Jumatano alasiri, watu wakipanda Kwale kwa makundi kwenda kungojea bendera, Kombe alilipeleka gitaa nyumbani kwa Sefu, aliyekwisha kuruhusiwa kutoka hospitali. Njiani alikwisha kuyapanga maneno: ni mimi, niliuchezea waya wako, nisamehe.

Mwanapili, mkewe Sefu, alimpokea mlangoni.

"Karibu, shemeji. Naona umeniletea mke mwenzangu," akasema akilitazama gitaa. "Mwambie leo asimkeshe mume wangu, ni mgonjwa."

"Mwache aingie," Sefu akasema kutoka ndani. "Mke huyo hali chakula."

Kombe aliliweka gitaa mapajani pa rafiki yake. "Nimelishusha," alisema. "Halitaki nguvu. Ukipona, hata vidole viwili vitatosha. Ni lako sasa. Na kuna neno moja, Sefu..."

Sefu alikuwa amekwisha kupitisha kidole gumba cha kulia juu ya nyuzi. Ule mwembamba ulilia safi kuliko zote.

"Ala! Huu umeupata wapi?"

Mwanapili alisimama pale pale, anatabasamu, anangojea kusikia.

"Mombasa," Kombe alisema. "Zilifika."

"Basi nimejisumbua bure." Sefu aliingiza mkono mzima chini ya mto, akatoa waya uliokunjwa duara, unaong'aa, unaonuka mafuta ya taa. "Usinigombeze, karani. Nimeona haya kusema siku zote hizi. Jumamosi alfajiri niliung'oa waya wa breki ya mbele, wote, nikausugua kutu. Nilikuwa nakuletea wewe huko Matuga. Nilijiambia ya nyuma ni mpya, itanitosha."

Kombe aliupokea kwa mikono miwili.